Maharagwe siku ya tatu motoni na hayaivi: ni ukongwe, ni maji au ni mkono wangu?

#1 Sufuria_Jeusi (Mji wa Kale, Mombasa), 11 Mei 2020

Salaam wana jamvi. Kwa umri wangu naona haya kuuliza, lakini nitauliza.

Tumefungiwa Mji wa Kale kwa ajili ya korona tangu Jumatano tarehe 6. Hakuna kutoka wala kuingia, masoko na mikahawa imefungwa, na mwezi ndio huu wa Ramadhani. Kabatini nina maharagwe mekundu kilo tano kasorobo, mchele nusu gunia, unga wa ngano pakiti nne, tambi, tui la unga, ukwaju, na kipande cha papa mkavu ambacho kwa harufu yake nakiogopa mwenyewe. Maharagwe nilinunua Machi, kafyu ilipotangazwa, kila mtu akibeba kinachobebeka. Mwenye duka aliniapia ni mapya.

Jumamosi niliyaroweka usiku kucha, nikayachemsha saa tatu nzima. Wapi! Jana saa nne. Ganda limekunjamana kama kidole cha mfua nguo, ukilibana ndani ni chaki tupu. Leo mtungi wa gesi umeanza kuwa mwepesi, na mume wangu ameniuliza kwa upole kama nimekosana na maharagwe. Huo upole ndio ulioniuma.

Nimekosea wapi?

#2 MzeeWaDona (Dar)

Magadi. Kijiko kimoja cha chai, nusu saa, mnakula. Uzi ufungwe.

#3 Kiporo (Nairobi)

Usifunge uzi Mzee, ndio kwanza tumeingia. Dada, shida ni mwinuko. Mimi huku Nairobi maharagwe ya dukani yananimalizia gesi kila wiki. Maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Nunua sufuria la presha uachane na mateso.

#4 Kiazi_Karai

Anunue wapi na amefungiwa? Soma mada kwanza ndugu yangu.

#5 MwalimuWaZamu (Arusha)

Kiporo, kwa Nairobi uko sawa. Mko kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji yenu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sufuria la presha linafika karibu nyuzi 120, ndiyo maana linaokoa. Lakini mwenye uzi yuko Mombasa na bahari anaisikia dirishani, mwinuko kwake haupo.

Mimi nasema ni ukongwe, tena ukongwe wa kuhifadhiwa vibaya. Maharage yakikaa miezi kwenye joto na unyevu, ndani yake kunatokea mabadiliko. Ile gundi inayoshikanisha chembe zake, pektini, inafungamana na kalsiamu na magnesiamu na kukataa kuyeyuka. Ukichemsha, maji yanaingia lakini chembe haziachani. Hiyo chaki unayoisikia ukibana ndiyo hiyo. Na joto na unyevu, dada, Pwani mnavyo vya kugawa.

Uliyaweka wapi tangu Machi?

#6 Sufuria_Jeusi

Mwalimu, ndani ya debe la plastiki, juu ya friji. Upande wa nyuma, pale panapopata moto wa friji yenyewe.

Nimeandika nikajiona.

#7 Kiazi_Karai

Hahaha dada umeyapika miezi miwili ukiwa hujui! Hayo si maharagwe tena, ni kokoto. Tia nyanya uite mchuzi wa mawe.

#8 Shangazi_Chungu (Tanga)

Kiazi, utani wa mawe mwaka huu uache. Hata wiki tatu hazijapita tangu tusikie habari za yule mama wa huko huko Mombasa aliyebandika mawe jikoni ili wanawe wangoje chakula mpaka usingizi uwachukue. Sisi tuliolelewa na kisa cha Sayyidna Umar kumbebea unga mgongoni mama kama huyo tulidhani ni mambo ya kale.

Dada Sufuria, jibu langu ni fupi: ulitia chumvi mapema. Bibi yangu alikuwa akikukuta unatia chumvi kwenye maharage mabichi anakunyang'anya mwiko.

#9 Kiazi_Karai

Shangazi, nisamehe. Nimefuta picha niliyotaka kuweka.

#10 MwalimuWaZamu

Shangazi, shikamoo. Kwenye chumvi naomba tubishane kwa adabu. Chumvi ya kawaida ni sodiamu, na sodiamu inasaidia kuiondoa ile kalsiamu kwenye pektini. Ukirowekea maharage kwenye maji ya chumvi kidogo, ganda linalainika zaidi. Kinachogandisha ni kalsiamu, na kingine ni ukali: ndimu, nyanya, siki, ukwaju. Hivyo vikitangulia sufuriani, maharage yanakaza roho.

#11 Shangazi_Chungu

Marahaba. Bibi alipika maharage miaka sitini na hakuwahi kusikia neno pektini. Na yaliiva.

#12 Sufuria_Jeusi

Mwalimu, umesema ukwaju?

#13 MwalimuWaZamu

Ndiyo. Kwa nini?

#14 Sufuria_Jeusi

Jana niliona maadamu yanachemka, bora ladha ianze kuingia. Nilitia ukwaju na nyanya mbili tangu mwanzo.

#15 Kiporo

MAMA! Tumejadili kalsiamu saa nzima na ukwaju ulikuwa umekaa kimya mfukoni!

#16 MzeeWaDona

Nilisema magadi kwenye #2. Magadi yanakula ukwaju, yanakula ukongwe, yanakula kila kitu.

#17 Sufuria_Jeusi

Lakini Jumamosi sikutia chochote ila maji na majani ya mchuzi. Na hayakuiva. Kwa hivyo ukwaju una kosa la jana tu, la juzi ni la nani?

#18 Mwana_Matrah (Maskati)

Swali zuri. Maji yako ni ya wapi?

Nauliza kwa sababu. Sisi hapa Matrah tumefungiwa tangu tarehe 1 Aprili, nyinyi wageni kwenye mambo haya. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, aliwahi kukaa nyumba yenye maji ya kisima na hakupata kupika maharage ya nazi ya maana hata siku moja. Tulipohama, mkono ule ule, sufuria lile lile, yakaiva. Hapa ndani sasa nina makopo ya ful, yale maharage ya Kiarabu yaliyopikwa tayari, nafungua, nakamua ndimu, natia bizari nyembamba, nimemaliza. Lakini mama ukimpa kopo anakutazama kama umemletea chakula cha hospitali.

#19 Sufuria_Jeusi

Ya kisima. Ya mfereji huja siku zake. Na sasa nimeangalia ndani ya birika: lina ukoko mweupe, ukiukwangua na kisu unatoka vipande kama ganda la yai.

#20 MwalimuWaZamu

Huo ukoko ni kalsiamu. Mji wa Kale umejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani chokaa, na kisima kinayeyusha chokaa hiyo. Sabuni inatoa povu?

#21 Sufuria_Jeusi

Povu la kuomba.

#22 Kiporo

Basi kesi imeisha. Ni maji.

#23 Jiko_la_Mafiga (Kakamega)

Kesi haijaisha. Wazee wetu huku walikuwa na maji ya kila aina na maharagwe ya kila umri. Dawa yao ni msherekha: maganda makavu ya maharagwe yenyewe yanachomwa, majivu yanatiwa kwenye kitu chenye tundu chini, unamwagia maji juu, yanayochuruzika ni ya rangi ya chai. Hayo ndiyo unayotia kwenye mboga za kunde au maharagwe. Utamu wake si wa kisabuni kama wa magadi ya Mzee.

Napenda wazo lenyewe, kwamba haragwe linalainishwa na ganda lake mwenyewe.

#24 MzeeWaDona

Maneno mengi, lakini hayo majivu na magadi ni ukoo mmoja. Mnanizunguka tu.

#25 MwalimuWaZamu

Mzee ana haki yake hapo, kazi ni moja. Ila magadi yakizidi yanaua vitamini B1, na mchuzi unakuwa kama maji ya kufulia. Ncha ya kijiko, Mzee, si kijiko.

Na jambo moja la hatari, kwa sababu ni maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoharibu tumbo vibaya. Inaondoka yakichemka kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Anayepika kwa moto wa kufukiza tu, au anayefunika sufuria kwenye kikapu cha mablanketi ili aokoe gesi, achemshe kwanza kwa nguvu. Moto mdogo bila mchemko unaweza kuizidisha sumu badala ya kuipunguza.

#26 Kijiko_Kikavu

Kuna jamaa aliniambia wapishi wa vibandani wanatia vidonge vya kutuliza maumivu, nyama na maharage yanaiva mara moja. Kweli?

#27 Shangazi_Chungu

Ole wako. Hiyo ni dawa, si kiungo. Unamlisha mtu dawa bila kipimo na bila yeye kujua, kesho ini lake linalalamika. Bora uwape mawe. (Kiazi, nimeusema mimi utani huo, wewe bado hujaruhusiwa.)

#28 Mtoto_wa_Ziwa (Kampala)

Nachangia la huku. Tumefungiwa tangu mwisho wa Machi, na kwenye mgao tulipata posho, yaani unga wa mahindi, kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu. Nyumba yetu watu saba, piga hesabu. Kwa wiki tano sijapika kingine. Ya kwetu yaliiva, msinisingizie. Ninachojua ni kwamba mkaa una subira kuliko gesi. Gesi mtu anaitazama, anapunguza moto, anazima aende dukani, anawasha tena. Maharage yakipoa katikati yanasusa. Mkaa ukishawaka huna la kufanya ila kuuacha.

Sufuria_Jeusi, ulizima katikati?

#29 Sufuria_Jeusi

Mara mbili. Mara moja adhana, mara moja paka.

#30 Kiporo

Tumeongeza mshukiwa wa tano. Paka.

#31 Asali_Mbichi (Leicester)

Huku Uingereza Machi rafu za unga na makopo zilikuwa nyeupe. Mimi na nyumba yangu tuliokolewa na duka la Wahindi lenye magunia ya ndengu ambayo Waingereza hawakujua wafanye nini nayo. Dada achana na maharagwe, ndengu zinaiva dakika arobaini hata ukizitukana.

#32 MzeeWaDona

Ndengu gani? Dengu?

#33 Asali_Mbichi

Ndengu. Za kijani, ndogo.

#34 MzeeWaDona

Hizo ni CHOROKO. Dengu ni zile kubwa za njano zenye pua.

#35 Mwana_Matrah

Hizo kubwa si ndio njegere kavu?

#36 Shangazi_Chungu

Njegere ni njegere! Toka lini zikawa na pua?

#37 Sufuria_Jeusi

Kwetu Mombasa choroko zenu ni pojo. Na sina. Naomba mnirudie.

#38 Kiporo

Na hatujaingia kwenye "maharage" na "maharagwe" bado.

#39 MwalimuWaZamu

Hiyo tusiingie, mpaka wa Kenya na Tanzania utafungwa.

Dada, fanya hivi. Chukua sufuria mbili ndogo, maharage kikombe kimoja kimoja kutoka debe hilo hilo. Moja maji ya kisima, nyingine maji ya kununua. Roweka muda sawa, moto sawa, usitie kitu chochote. Na kando ya hapo, panda mbegu kumi kwenye kopo lenye udongo. Zikiota nyingi, basi si kongwe sana kama nilivyodai na nitaomba radhi hadharani.

#40 Sufuria_Jeusi, 13 Mei

Nimefanya, Mwalimu. Nimeandika mpaka saa, kama mwanafunzi.

Yale ya juzi kwanza niyamalize, maana chakula hakitupwi, hasa mwezi huu. Nimeyachuja, nikayaponda kwenye kinu na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili moja na dania iliyokauka, nikakaanga bajia. Ile chaki yote imekuwa faida, bajia zimeshikana bila yai wala unga. Shemeji amefuturu kumi na moja. Nimehesabu kwa sababu nilikaanga ishirini.

Sasa mtihani. Saa mbili na nusu motoni. Sufuria A ya kisima: ngumu. Sufuria B ya maji ya kununua: si laini ya kusema laini, lakini ukibana yanaachia, na mchuzi umekuwa mzito kidogo.

#41 Kiporo

MAJI! Nilisema!

#42 Mwana_Matrah

Samahani, nilisema mimi. #18.

#43 Sufuria_Jeusi, 14 Mei

Jamani, poleni. Mama mkwe amekuja jikoni kuchukua daku, ameona sufuria mbili zinaroweka, akatuhurumia. Amekiri asubuhi hii kwamba alitia magadi kwenye sufuria moja. Nimemuuliza ipi. Anasema "ile ya huku", na sufuria zote mbili zilikuwa huku.

#44 MzeeWaDona

Mama mkwe ameolewa? Nauliza kwa heshima.

#45 Sufuria_Jeusi

Mzee, baba mkwe anakusalimia. Anasoma uzi huu nami.

#46 MzeeWaDona

Shikamoo baba.

#47 MwalimuWaZamu

Kisayansi tumerudi tulikoanzia. Lakini dada, mbegu?

#48 Sufuria_Jeusi, 19 Mei

Kati ya kumi zimeota saba.

#49 Shangazi_Chungu

Mwalimu, tunasubiri radhi hadharani.

#50 MwalimuWaZamu

Naomba radhi kwa mbegu saba. Kwa zile tatu bado nashikilia msimamo.

Na nieleze, nisionekane nakimbia. Gunia moja la dukani linaweza kuwa na mavuno mawili au matatu yaliyochanganywa. Dada, mwaga kiganja kimoja kwenye sinia, uangalie rangi. Yaliyokaa sana huwa yamekolea, yanaelekea udongo. Mapya yanang'aa.

#51 Sufuria_Jeusi

Nimemwaga. Yako mekundu ya kung'aa, yako ya rangi ya kahawia kama njugu zilizokaangwa. Karibu nusu kwa nusu. Nimekaa na mama mkwe tunachambua tangu alasiri, yeye anatia huku mimi natia kule, na kila mara tunagombana juu ya moja lisilo huku wala kule.

Kisha nimeyapika mekundu peke yake. Maji ya kununua, bila chumvi, bila ukwaju, paka nimemfungia nje. Saa moja na robo. Yameiva, yamepasuka, nimetia tui zito la unga na pilipili nzima juu. Nimemaliza mwiko kwa kuulamba.

#52 Kiporo

Kwa hiyo ni ukongwe.

#53 Mwana_Matrah

Au maji. Ametumia ya kununua.

#54 Mtoto_wa_Ziwa

Au kutozima. Paka alikuwa nje.

#55 Shangazi_Chungu

Bila CHUMVI, amesema mwenyewe. Bibi, pumzika kwa amani.

#56 Jiko_la_Mafiga

Na yale ya kahawia?

#57 Sufuria_Jeusi

Yako kwenye debe. Nimeliondoa juu ya friji. Sikukuu ikifika salama nitayasaga bajia.

#58 Kiazi_Karai, 9 Julai 2020

Nafukua uzi. Barabara za kutoka Mombasa zimefunguliwa juzi, nami nimerudi kazini Voi. Dada Sufuria, ile mimea saba imefika wapi? Tulitegemea mavuno.

#59 Sufuria_Jeusi

Niliihamishia darini kwenye ndoo kuukuu. Ilipanda vizuri, majani mapana. Mwezi uliopita ikatoa maua meupe, nikaita nyumba nzima waje waone. Siku ya pili yakaanguka yote. Yakatoka mengine, yakaanguka.

#60 MwalimuWaZamu

Ni joto la usiku. Maharage ni mtu wa milimani, usiku ukiwa wa moto maua yanapukutika bila kushika. Pwani panda kunde, hizo ndizo za kwenu.

#61 MzeeWaDona

Angetia magadi kwenye ndoo.

#62 Sufuria_Jeusi

Kunde ziko njiani, nimeletewa mbegu na shangazi wa Kilifi kwa gari la jana. Ndoo iko tupu tayari. Mbuzi wa jirani alipanda ngazi Jumapili, akala maharagwe yote mpaka shina, hakuuliza kama ni makongwe.